Nilikuwa nafundisha yoga kwa maneno nisiyoyajua

Miaka miwili na nusu nimesimama mbele ya watu nikisema asana, asana, yani mkao wa yoga, na neno lenyewe nalitamka makosa. Nalitamka kama Mswahili yeyote angelitamka, mkazo hapo katikati, kama hasara, kama samaki, na hakuna aliyenisahihisha maana wanafunzi walikuwa wananiiga mimi, na mimi nilimuiga mwalimu wangu wa kosi, ambaye naye sijui alimuiga nani. Kumbe ile a ya kwanza ndo ndefu, unaivuta, aasana, halafu hizo mbili za nyuma unazipitia haraka. Kitu kidogo, najua. Lakini siku nilipoambiwa nilijiona kama mtu aliyezunguka mjini mtana kutwa na shati jipya kumbe karatasi ya bei bado inaning'inia mgongoni.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimezaliwa Kibokoni, nimelelewa na nyanya yangu. Yoga niliingia kwa ajili ya mgongo tu, kazi ya kukaa kwa kompyuta toka asubuhi hadi jioni, mgongo ukakaza nikawa nainuka kitini kama bibi kizee. Rafiki akanivuta darasani, nikapenda, baada ya mwaka nikafanya ile kosi ya masaa 200 ambayo karibu kila mwalimu wa yoga siku hizi ameipitia, mwezi mmoja na cheti mkononi. Falsafa tulisoma siku mbili. Kisanskriti, ile lugha ya kale ya India, tulipewa karatasi mbili za majina ya mikao tuyakariri, na mimi kukariri nimezoea toka chuo cha Qurani nikiwa mdogo, nikayameza yote.

Na nilikuwa nayatumia vizuri sana, wallahi. Nikiona darasa limelegea natupa jina refu, Adho Mukha Shvanasana, sauti ya chini kidogo, watu wananyamaza kama wamesikia kitu kikubwa. Siku moja Bi mkubwa mmoja darasani akaniuliza lile neno maana yake nini. Nikamwambia adho ni chini, mukha ni uso, shvana ni mbwa, yani mkao wa mbwa anayeangalia chini. Akainuka akakaa kitako akaniangalia. “Ewe mwalimu, mimi nina udhu hapa nangoja laasiri, na wewe wanifanya mbwa?” Darasa likavunjika kwa kicheko na ile sauti yangu ya chini ikaishia pale pale.

Sasa goti. Mtu wa pwani anakaa chini toka utotoni, mkekani, miguu imekunjwa, unakula hapo unasoma hapo, kwa hivyo mimi nilidhani padmasana, ile miguu miwili inayopandana juu ya mapaja, ni haki yangu ya kuzaliwa. Haikuwa. Mguu wa kulia ulikuwa unaingia, wa kushoto hautaki. Na nilikuwa na picha kichwani ya mimi nimekaa hivo ufukweni Nyali jua linachomoza, nishaipiga hiyo picha kabla ya kuipiga. Nikawa nasukuma kila siku. Kila siku bila kukosa, hata siku za homa, na nilikuwa najisifu kwa hilo, nikisema hii ndo nidhamu. Halafu asubuhi moja nikasikia goti limesema tk, sauti ndogo tu kama ukivunja kijiti cha kiberiti, na baada ya hapo ngazi za nyumbani nikawa nazipanda kwa makalio. Ile gegedu ya ndani. Miezi minne sikukunja mguu sawasawa. Baadaye ndo nikaelewa jambo ambalo ningetakiwa nilijue kabla ya kumgusa mwanafunzi yeyote, kwamba kwenye padmasana anayezunguka ni nyonga, goti ni kama bawaba ya mlango, lafunguka na kufungwa, hulizungushi, na nyonga ikigoma basi nguvu yote inaenda kwenye bawaba.

Nilipopona nikauza vitu, nikakopa kwa dadangu, nikaenda Mysore. Watu wa yoga wanaujua huu mji, upo jimbo la Karnataka kusini mwa India, kilomita kama 140 kutoka Bengaluru, na ndo hapo miaka ya 1930 Krishnamacharya alikuwa anafundisha kwenye kasri la Jaganmohan chini ya Maharaja, na wanafunzi wake wakina Iyengar na Pattabhi Jois na yule mama Indra Devi ndo waliokuja kusambaza mikao duniani. Nikaenda nikitegemea hekalu na ukungu. Nikakuta pikipiki, madafu, na wanawake wanakaanga vitumbua. Sikudanganyi, vitumbua! Wenyewe wanaviita paddu, chuma ni kile kile chenye vishimo, unga wa mchele uliochachuka, tofauti yao wanatia kitunguu na pilipili, wanavila kwa chatine ya nazi. Nilisimama kwa yule mama nikala nane, nikamwonyesha kwa mikono kwamba hata kwetu vipo, hakunielewa, akaniongeza viwili.

Kwenye mazoezi yenyewe sitakaa sana, goti lilikuwa bado linalalamika nikawa nafanya nusu. Saa kumi na nusu alfajiri upo mkekani, Jumamosi unapumzika, na siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo pia unapumzika. Kilichonibadilisha kilikuwa mtana, kwenye chumba kidogo chenye feni moja, mzee mmoja mstaafu anafundisha Kisanskriti wageni kama kumi hivi. Nilijiandikisha kwa sababu ya kukosa la kufanya na goti, huo ndo ukweli.

Siku ya kwanza akatuandikia ka, kha, ga, gha. Akasema wekeni kiganja mbele ya mdomo, ka pumzi isitoke, kha itoke. Mjerumani anashindwa. Mmarekani anashindwa, kila ka yake inatoka na upepo, mzee anamwambia tena, tena, mwenzangu masikini amekuwa mwekundu. Zamu yangu nikasema ka, kha. Mzee akanyamaza. Akasema rudia. Nikarudia, akapeleka kwenye ta na tha, pa na pha, nikampa zote. Akaniuliza wewe umesoma wapi? Nikajiuliza mwenyewe, nimesoma wapi kweli, halafu nikamsikia nyanya kichwani, ananifokea jikoni. Kwa nyanya yangu kaa la moto ni kaa, na k'aa wa pwani anayetembea upande ni k'aa, k yenye pumzi, na ukimchanganyia anakuuliza wewe ni wa bara? Paa la nyumba na p'aa wa mwituni. Tembo la mnazi na t'embo mwenye mkonga. Kimvita hicho, nimekulia ndani yake, shuleni tukaambiwa Kiswahili sanifu hakina mambo hayo na kwenye maandishi hayaonekani, nikayaona ya kizamani. Na hapa nimevuka bahari nzima nakuja kusifiwa kwa k'aa.

Kiburi hicho kilidumu dakika kumi. Tulipofika dha nikasema dh ya dhambi. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe sisi Waswahili tukiona dh tunaisoma ile ya Kiarabu, ulimi kwenye meno, na th tunaisoma ya thelathini, sasa nimekuwa nikiwaambia watu “hatha yoga” kwa th ya thamani miaka yote hiyo wakati ile ni t nzito ulimi umekunjwa nyuma kisha pumzi, hat-ha. Dharma, dhyana, zote nilikuwa nazisema kama nasoma khutba. Na gh nayo, siyo gh ya ghali. Hizi zenye mngurumo na pumzi pamoja zilinitesa wiki tatu, nyanya hakunisaidia hapo.

Lakini siku iliyonimaliza ni ya sandhi. Sandhi ni ile kanuni kwamba sauti mbili zikikutana hazikai hivihivi, zinaungana zinatoa nyingine. Mzee akaandika ubaoni na + iti = neti. A ikikutana na i inakuwa e. Wenzangu wanaandika haraka haraka, sheria ya kukariri hiyo. Mimi nimekaa kalamu mkononi naangalia ubao. Ma + ino, meno. Wa + izi, wezi. Wa + ingi, wengi. Kila siku ya maisha yangu nimekuwa nafanya sandhi na sijui! Akaandika su + agata = svagata, ndo karibu hiyo, nikasema moyoni mu + ana, mwana. Akaandika iti + api = ityapi, nikasema vi + ake, vyake. Ashta ni nane, anga ni kiungo, ashta + anga = ashtanga, a mbili zimekuwa moja ndefu, na hilo neno anga unalitamka vile vile kama anga letu la juu, ng na g yake kamili. Nilimwambia mzee baada ya darasa, nikamuandikia meno na wezi na mwana kwenye daftari lake, akafurahi kama mtoto aliyepewa sikukuu. Hakuna undugu wa lugha hapo, tusije tukaanza hadithi, ni midomo ya binadamu tu inapita njia rahisi. Tofauti ni kwamba wao wanaunganisha hata neno na neno, sentensi nzima inakuwa treni moja, ndo maana ukiona mstari wa Kisanskriti hujui neno linaanzia wapi.

Baada ya hapo nikakoma kuogopa. Niliacha kuyaona yale maneno kama hirizi. Lugha ni lugha, ina mizizi, ina viambishi, ina watu waliokosea na wengine wakawasahihisha. Na hapo ndo nikaanza kusoma Yoga Sutra za Patanjali, zile kauli fupi za kale za falsafa ya yoga, polepole, neno kwa neno, na mzee ananishika mkono. Sutra 195 au 196 inategemea nakala, milango minne, na wasomi wengi wanaiweka kama miaka 1600 iliyopita. Ngoja nikwambie kitu, kwenye hizo zote mikao ya mwili imepewa sutra tatu. Tatu! Na ya kwanza inasema tu sthira sukham asanam, mkao uwe imara na wa raha. Hakuna mbwa hakuna shujaa hakuna kichwa chini miguu juu. Hata Hatha Yoga Pradipika ya karne ya 15, ambayo hiyo ndo ya mambo ya mwili hasa, inaeleza mikao 15 na mingi ni ya kukaa. Sasa mtu akija kuniambia mzunguko wetu wa asubuhi ni wa miaka elfu tano namwambia kunywa chai kwanza. Mengi tunayofanya mkekani ni ya karne ya 20, na hayapungui uzuri kwa hilo, mgongo wangu yaliuponya hayo hayo.

Hilo neno sukha lina maelezo yake ya zamani, kwamba su ni nzuri na kha ni tundu, lile tundu la gurudumu linapopita mti wa ekseli. Tundu likiwa sawa gari linakwenda bila kukwaruza, likiwa baya ni dukha, taabu. Mimi nikiisikia hiyo nawaona wale hamali wa mkokoteni wa maji pale Makadara, unausikia unakuja toka mbali kwa mlio wa gurudumu, na mwenye kuusukuma uso wake unakwambia kila kitu. Goti langu lilikuwa mkokoteni wa namna hiyo na mimi nausukuma tu nasema nidhamu.

Lakini iliyonipiga hasa ni sutra ya 12 ya mlango wa kwanza. Abhyasa vairagyabhyam tan nirodhaha. Abhyasa ni kurudiarudia, mazoezi. Vairagya watu wanatafsiri kutojali, kuachilia, mzee hakupenda tafsiri hizo. Akasema angalia mzizi, raga ni mapenzi ya kitu lakini mzizi wake ni kutiwa rangi, na vairagya ni ile rangi imetoka. Nikamwambia kama leso inayochuja. Nikamueleza leso ni nini, namna unavyoinunua mpya inang'aa na ukiiloweka na nguo nyeupe zote zinakuwa nyekundu, lakini baada ya miaka imeshachuja, imekuwa laini, haimtii mtu rangi tena, na ndo hiyo unayombebea mtoto. Akasema ndiyo, hiyo.

Halafu akaniuliza, hii -bhyam mwishoni ni nini? Kisanskriti hakina umoja na wingi tu, kina na uwili. Vitu viwili vina mwisho wao, mikono miwili, macho mawili. Na hiyo -bhyam ni ya uwili, “kwa hayo mawili”. Patanjali hakusema kwa mazoezi na pia ukitaka kwa kuachilia, kayafunga kamba moja akayapa mkia mmoja wa viwili. Nilikaa na hiyo -bhyam siku nzima. Nikapanda ngazi za kilima cha Chamundi, ngazi kama elfu moja, goti linauma, nikakaa pale kwenye sanamu kubwa ya yule ng'ombe Nandi, nikakumbuka homa nimejifunika shuka na bado natandika mkeka nikasukume mguu. Nilikuwa na moja. Moja nilikuwa nayo nyingi sana mpaka inamwagika, na ya pili sikuwa nayo hata tone, rangi ya ile picha ya ufukweni ilikuwa bado mbichi inanitia kila mahali.

Padmasana mpaka leo ya mguu wa kushoto sifanyi. Wanafunzi wapya wanashangaa mwalimu hawezi. Nawaambia nyonga zangu zimeumbwa hivo, endeleeni.

Kurudi nyumbani shida ikawa nyingine, kutafsiri. Nilikuwa nataka niwaambie kina mama wa darasa la Alhamisi sutra ya pili, yogash chitta vritti nirodhaha, yani yoga ni nini. Chitta niiite akili? Moyo? Nafsi? Kiswahili kinaposema moyo wangu hautulii kinasema kuhusu mawazo kuliko kuhusu nyama, kwa hivyo nikachukua moyo. Vritti inatoka kwenye mzizi wa kuzunguka, kubingirika, nikasema mizunguko. Nirodha ni kuzuia, kushika. Nikasema: yoga ni kuizuia mizunguko ya moyo. Dada mmoja akauliza, kwani ni dawa ya kizunguzungu? Nikarudi nyumbani nikafikiri upya, nikapata neno zuri, nikalifurahia sana. Shwari. Yoga ni moyo kuwa shwari. Bahari imelala, maji kama kioo.

Nikampelekea ami yangu. Ami amevua miaka arubaini, dau na mashua, sasa amezeeka anakaa barazani na kahawa. Akasikiliza akatikisa kichwa. “Shwari? Nani kakwambia shwari ni raha? Wewe hujapata kulala siku mbili nje ya mlango wa bahari, tanga limeanguka kama nguo mbichi, maji ya kunywa yakwisha.” Mimi nikajitetea, kwamba ni mfano wa utulivu. “Utulivu wa nani? Wa samaki?” Nikaona tafsiri yangu nzuri imekufa. Lakini baada ya kikombe cha pili akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kwa mtu wa mshipi, siyo wa tanga, shwari ni neema, maana unainama ubavuni mwa dau waona mpaka matumbawe, waona samaki amesimama wapi, upepo ukivuma huoni kitu waona mawimbi tu. Na wallahi ami hajasoma Patanjali, ila sutra ya tatu ndo hiyo, kwamba hapo mwenye kuona anakaa kwenye umbo lake mwenyewe. Kwa hivyo nimelibakisha shwari, lakini siku hizi nikilisema darasani nasimulia na habari ya tanga, ili mtu asije akadhani natangaza raha tu.

Mamangu yeye hofu yake ilikuwa nyingine. “Wasoma dua za Kibaniani?” Swali la haki, sikulikwepa, na najua kuna nchi za Kiislamu zimelitolea fatwa, Malaysia mwaka 2008 na Indonesia mwanzo wa 2009, wakikataza ile yenye ibada na mantra, yale maneno ya ibada ya kuimba, ndani yake. Mimi darasani kwangu siimbi, Om sisemi, na ile salamu ya jua naiita mzunguko wa asubuhi. Kuna walimu wananiona nimeikata yoga miguu, wana hoja, na mimi nina mama. Ila nilimwambia mamangu habari ya al-Biruni, yule mwanachuoni Muislamu wa karne ya 11, aliyejifunza Kisanskriti ukubwani akilalamika kwamba ni kigumu, na akamtafsiri Patanjali kwa Kiarabu, karibu miaka elfu moja kabla yangu. Mamangu akauliza, na sala alikuwa anaswali? Nikasema anaswali. Akasema haya. Na baadaye akawa anakuja darasani mwenyewe, anakaa vajrasana bila tabu yoyote wakati vijana wanalia na vifundo vya miguu, maana ndo kikao cha tahiyatu hicho, amekikaa toka akiwa mtoto.

Nisijifanye nimekuwa mjuzi. Mwaka uliofuata nililewa na maneno. Nilikuwa naona Kisanskriti kila mahali, na pengine nilikuwa sawa, laki yetu inatoka kwenye laksha, sukari ilianza kama sharkara ikapita Uajemi na Uarabuni mpaka kwenye kikombe chetu, pilipili nayo ilianzia kwa pippali. Basi nikafika kwenye simhasana, mkao wa simba, ule unatoa ulimi nje unanguruma, nikawatangazia watu kwamba simba wetu anatoka kwa simha wa Kisanskriti, aliletwa na upepo wa kaskazi pamoja na majahazi. Watu wakasema aaah. Mzee mmoja mwalimu mstaafu nyuma pale akainua mkono kwa adabu kabisa akaniuliza, na Wazulu waliletewa na jahazi gani? Maana kwao insimba ni yule mnyama mdogo wa jamii ya kanu, na mzizi huo umetapakaa kwenye lugha za Kibantu mpaka bara ndani ambako kaskazi haifiki. Simba ni wetu, kufanana ni bahati tu. Nikamshukuru, nikaona aibu mpaka masikioni, na tukanguruma hivo hivo.

Na kuna pahali Kiswahili kinashinda, naomba niseme. Mwisho wa darasa tunalala chali, shavasana, shava ni maiti. Sikuweza kuwaambia wale kina mama laleni kama maiti, yule Bi mkubwa wa udhu alishanionya, “mimi umri huu usinihimize.” Kwa hivyo nasema pumzikeni. Na nililisema hilo neno miaka kabla ya kulisikia. Pumzi, pumzika. Nikamuandikia mzee wa Mysore barua pepe kumwambia kwetu kupumzika kumetoka ndani ya pumzi, akanijibu mistari miwili, kwanza kwamba amefurahi, pili kwamba bado nakosea kuandika alama ya irabu ndefu.

Wiki iliyopita ami alipita nyumbani nikiwa nafanya navasana sebuleni, ule mkao unakalia makalio, miguu juu, kifua juu, mwili kama herufi V. Akasimama mlangoni na bakora yake. Akauliza hiyo yaitwaje. Nikamwambia navasana, ami, nau ni chombo cha majini, huu ni mkao wa mashua. Akanizunguka. Akanitazama ubavuni kama anavyotazama dau lililopandishwa ufukweni. “Mashua hii yazama. Mkuku uko wapi?” Mkuku ndo uti wa mgongo wa chombo, ule wa chini. Akanigusa kiunoni na ncha ya bakora, pale chini mgongo ulipokuwa umeporomoka nyuma, nimeukunja kama kamba, nikaunyanyua, nikasogea mbele kwenye mifupa ya kukalia, na tumbo likaanza kutetemeka vile linavyotakiwa. “Haya. Sasa yaelea.” Akauliza na mkuku kwa Kisanskriti waitwaje, nikamwambia ami sijafika huko, bado niko kwenye majedwali ya majina yanayoishia na a. “Basi fika,” akasema, akaenda jikoni kuulizia kahawa.